Kitufe cha Shikamoo

Mama, shikamoo. Kariakoo joto lake unaweza kukaangia mihogo, ila mwanao ni mzima na anakula.

Wewe uliyekuwa unanificha simu ili niache gemu, sasa nalipwa kutengeneza gemu hizo hizo! Bado nipo kwenye majaribio. Jana bosi alinituma sokoni na gemu yangu ya kwanza, ya duka la vitenge: "Wenye maduka wakiikataa, unaanza upya." Nikampa Mama Neema, muuza vitenge wa chini ya ofisi yetu. Akamtazama mteja wa kwenye gemu akiingia, akibeba kitenge, akitoka. Akanirudishia simu.

"Huyu hajanisalimia. Mimi simuuzii."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimelelewa na wewe, halafu nasahau salamu!

Nikaongeza kitufe cha shikamoo, usipokibonyeza, huuziwi. Leo Mama Neema kagoma kabisa kurudisha simu, na wateja wake wamesimama wanasubiri. Bosi kacheka, kasema nimepita.

Sasa mwenye duka wa kwenye gemu anahitaji sauti ya kuitikia. Kwa hiyo shikamoo ya hapo juu usiiitikie kimoyomoyo. Jirekodi kwenye simu, ile marahaba yako ya kuvuta, unitumie. Niisikie kila siku kazini.

Mwanao, Elia