Milioni Mbili za Kumjazia Mama

4 Machi

Mwanangu,

Miezi mitano ya kungoja ilipotea juzi Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye dirisha namba tatu la ofisi ya viza. Aliyeipoteza ni wewe. Sasa ndiyo nakusalimu: hujambo? Mkeo na mjukuu wangu hawajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inafuka moshi.

Masharti ya viza ya wastaafu nilikusomea kwenye simu, tena mara mbili: milioni kumi na mbili benki, zikipimwa kwa pesa za huko, kwa jina langu, zikae miezi sita bila kuguswa. Nikauza cherehani tisa, nikaweka milioni kumi na mbili na laki sita. Zile laki sita si mapambo. Nilijua sarafu yetu ina tabia ya kuteleza, nikapiga hesabu kwamba hata ikishuka nne kwa mia, bado navuka. Imeshuka mbili tu.

Kumbe mwezi uliopita wewe ulituma milioni mbili kimyakimya, na kwenye sababu ya kutuma ukaandika, "Kumjazia Mama ya viza." Binti wa dirishani alisoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Wengine tunaomba watoto watujazie, mwenzetu analalamika!" Wakacheka. Binti akaniambia, "Mama, hii kwetu ni pesa ya maonyesho, imeletwa ili ionekane tu. Irudishe, halafu uanze kuhesabu upya."

Upya! Miezi sita mingine!

Nimeshona sare za shule miaka thelathini na moja, na hakuna mwaka niliokata kitambaa kikapelea. Nani alikuambia hesabu yangu inataka kiraka?

Mama yako


6 Machi

Shikamoo Mama,

Pole, na tena pole. Sisi wazima, mjukuu wako kang'oka jino la mbele anajiona mkubwa.

Nisikilize kabla hujanichapa. Siku ile nilikuwa ndani ya shimo la lifti, ghorofa ya saba, nafunga kamba mpya. Fundi mwenzangu akafungua redio, wakasema sarafu ya huko inaporomoka. Mama, nilishuka na glovu zangu mkononi moja kwa moja mpaka benki. Niliogopa ufike mlangoni halafu upelee kidogo tu. Sikuidharau hesabu yako. Niliogopa.

Ila kwa nini ujitese? Ipo ile viza ya wazazi wanaotunzwa na watoto wao. Najaza mimi, wewe kazi yako ni kusaini. Au njoo kwa matembezi tu, miezi miwili mitatu, halafu urudi upumzike kwako. Chumba cha nyuma tumeweka baiskeli na meza ya pasi kwa sasa, lakini ukija vinatoka.

Mwanao mkosaji


25 Machi

Shikamoo Mama,

U mzima? Karibu wiki tatu sijapata hata mstari. Nikipiga simu unasema, "Niko kazini," unakata. Kazi gani, na wewe ni mstaafu? Milioni mbili zimenirudia bila hata neno la salamu.

Mama mdogo ananiambia alikukuta unamtembeza mwanamke asiyemjua jikoni kwako, unamfungulia kabati na bomba. Anasema uliposikia hodi ulimjibu, "Njoo siku nyingine, leo nina mgeni." Mama, unauza nyumba? Usiuze kwa hasira, nakuomba.

Mwanao, roho juu


28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na hasira imepoa kiasi cha kushika kalamu. Siuzi kitu.

Ile viza ya kutunzwa na mtoto, sahau. Sikuanza na cherehani moja ya kukodi ili uzeeni niandikwe "tegemezi" kwenye karatasi ya serikali. Nilirudi dirisha namba tatu, nikamuuliza yule binti: asiye na miezi sita ya kungoja anafanyaje? Akanitazama, akasema, "Mama, hakuna aliyewahi kuniuliza." Ipo njia ya pili. Badala ya amana, unaonyesha kipato cha laki sita za kwetu kila mwezi, chako mwenyewe, kwa mikataba isiyopungua mwaka.

Basi fuata. Pensheni ya chama cha ushirika, laki mbili na elfu kumi. Karakana nimempangisha yule mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akishona vifungo nje ndani, sasa fundi mzima ana watu wanne: laki mbili na nusu. Jumla laki nne na elfu sitini. Inapelea laki moja na arobaini.

Mwanamke wa jikoni ni muuguzi. Anataka kupanga nyumba yangu, laki moja na nusu kwa mwezi, mwaka mzima, analipa kwa benki. Tunavuka kwa elfu kumi. Na zile za amana zinakuwa huru: nauli yangu, chakula changu, sitakuomba hata chumvi. Binti ameukagua mkataba, anasema tukisaini tu, jibu ni wiki tano.

Ila nikishasaini, kwangu hakuna tena. Ndiyo maana ile "urudi upumzike kwako" uliyoandika nimeisoma mara nyingi kuliko pole zako zote. Labda ilikuponyoka. Labda hapana. Mimi nina hamu ya kumsikia huyo kibogoyo akisoma kwa sauti asubuhi, na nina nguvu za kufungua duka dogo la kurekebisha nguo huko. Sitaki kuwa mgeni anayehesabiwa siku.

Muuguzi ananipa mpaka Jumanne saa sita mchana, kwa saa za huku. Kabla ya hapo nataka jibu lako, na la mkeo kwa mkono wake mwenyewe, usimwandikie; pigeni picha karatasi mnitumie kwa simu. Chumba cha nyuma ni changu, au ni cha baiskeli? Neno moja linatosha.

Mama yako