Siku ya Thelathini Uliyokuwa Ukiiacha Tupu

Maalim Famau, nduu yangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu haisemeki kwa salamu. Basi tuyaache hayo.

Barua hii siiandiki kwa kalamu. Mkono wangu waujua, jina langu mwenyewe nikiliandika lafanana na nyayo za kuku kwenye majivu. Hii naipanga kwa risasi za chapa, herufi moja moja, kwenye meza yetu ya kiwandani chini ya dirisha, na leo ni siku ya nne. Herufi "a" zaniishia kila nusu ukurasa. Ulikuwa ukisema risasi hizi zilipimwa kwa lugha ya Wazungu, na Kiswahili chala "a" kama harusi ilavyo mchele. Kwa hivyo napiga chapa kipande, nakivunja, narudisha herufi mahali pake, naanza kipande kingine. Nakala ni moja tu. Nitakuja nayo makaburini Ijumaa, baada ya sala, nikusomee polepole. Kama nitaweza kuisoma.

Lakini itazame kazi. Mistari imenyooka. Hakuna mtu kisiwa hiki kizima, kutoka Bondeni hadi Kilindini, awezaye kupanga herufi kama Shee, hata leo na vidole vimevimba. Hilo hata wewe hukulikataa.

Na nani aliyewapa watu wa Mji wa Kale kalenda yao? Ni sisi. Vijana wa siku hizi wadhani kalenda zilizaliwa pamoja na misumari ya kuzitundikia. Hawajui kwamba babako alihesabu mwaka kwa mkaa nyuma ya mlango, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka wetu mpya, hata Nairuzi, na mwaka ukiisha akafuta kwa kitambaa cha maji. Mwaka mzima wa watu, vifo na harusi na mvua zake, ukaondoka na kitambaa. Kisha zikaja zile takwimu za Bombay, yaani kalenda za vitabu vyembamba vya karatasi ya manjano vilivyopigwa chapa ya jiwe, wafanyabiashara wakizileta pamoja na majora ya nguo. Watu wakastaajabu, mwaka umefungwa kitabuni kabla haujafika! Wakaufuata. Wewe ulikuwa kijana wa ndevu tatu, ukasimama barazani mbele ya wazee ukasema, "Mwezi wa Bombay umehesabiwa kwa mbingu ya Bombay. Sisi mbingu yetu tunayo."

Wakakucheka. Mimi sikucheka. Yule Mgoa mpiga chapa alipofunga kiwanda chake akatuachia mashine yake ya kukanyaga kwa mguu, nikakwambia, "Wewe hesabu, mimi nipange, tuone nani atacheka." Sikujua kusoma, Maalim. Herufi nilizijua kwa vidole, tena kinyume, kama zilivyo kwenye risasi. Hata leo nikiiona herufi kwenye karatasi naigeuza kichwani kwanza ndipo naijua.

Karatasi ile ya kwanza niliweka Ijumaa mbili katika wiki moja. Hukunipigia kelele. Ulisema, "Shee, umewazidishia watu ibada." Nami nikasema mashine imeruka. Mashine hairuki. Nilikosa mimi. Nakiri leo, baada ya miaka thelathini na ushei, na hilo silo kosa ninalokuandikia.

Kosa lenyewe laanzia kwenye kile kijumba cheupe.

Wajua ulivyokuwa ukifanya, lakini niache niseme, maana napenda kuisema. Tarehe za Kizungu tulizipanga zote. Kumi kumi za Nairuzi tulizipanga zote, kwa wino mwekundu. Lakini mwezi wa mbinguni ulikuwa na safu yake peke yake ubavuni, haikufungwa na tarehe nyingine yoyote. Kila mwezi, moja hadi ishirini na tisa, kisha kijumba kitupu. Siku ya thelathini hukuipa nambari. Mwezi waweza kuwa nayo, waweza kuikosa, na hakuna ajuaye mpaka mtu atazame.

Basi kila ishirini na tisa, alasiri, tulifunga kiwanda tukashika njia hadi Kilindini, pale juu ya mwamba, tukaangalia ng'ambo ya Mtongwe jua likizama. Hata miezi isiyo na mwenyewe, isiyo na saumu wala Maulidi, wewe uliitazama. Ukiuona mwezi, asubuhi wapiga mstari kwenye kijumba cha ile karatasi kubwa tuliyoibandika mlangoni mwa kiwanda. Usipouona, waandika thelathini. Watu wakienda sokoni hutazama mlango wetu, wakirudi hutia alama kwenye zao. Mji mzima ulikuwa ukimaliza mwezi mlangoni petu.

Ulikufa mwezi wa Mfunguo Sita ukiandama. Nairuzi ilikuwa imebaki wiki chache na karatasi za mwaka mpya ziko mezani. Siku tatu kabla, ulinishika mkono ukasema, "Shee, vile vijumba visijazwe kwa risasi. Vijazwe kwa macho."

Nikakujibu, "Macho ninayo, ya mwewe. Wewe lala."

Maalim, macho sina.

Vya karibu naviona. Herufi naziona nikizisogeza puani, na zisipoonekana vidole vyazijua. Lakini mwezi mwembamba juu ya Mtongwe sijauona miaka, sijui mingapi. Tulikuwa tukisimama pale, wewe ukisema, "Ule pale," nami nasema, "Umeuona sasa? Mimi nimeuona zamani!" Nilikuwa natazama ukungu. Natazama kidole chako, kisha natazama ukungu. Mara moja uliniuliza pembe zake zaelekea wapi, nikasema kusini, kwa sauti, kama mnadi. Tukarudi nyumbani ukinisimulia habari ya bei ya karatasi.

Sasa wewe hupo. Nikiacha vijumba vitupu, nani atavijaza? Watu watasema, "Mzee Shee, leo ishirini na tisa, haya twende." Watanisimamisha juu ya mwamba, watu kumi wakiningoja. Niliona aibu ile kabla haijafika. Kwa hivyo nikakaa kwenye meza hii nikajaza. Mmoja thelathini, mmoja ishirini na tisa, mmoja thelathini, mmoja ishirini na tisa, kama mtu akitembea kwa miguu yake miwili. Nikaitoa safu ya mwezi ubavuni nikaifunga pamoja na tarehe za Kizungu, mstari mmoja, hakuna pengo. Ikapendeza! Watu wakasifu. "Safari hii kalenda imekamilika," wakasema. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Zamani Maalim alikuwa akiogopa mwezi. Mimi siogopi."

Nilisema hivyo juu yako, na udongo wako haujakauka.

Mkeo, Bi Mwanaisha, alikuwa ndani akikukalia eda. Miezi minne ya mbinguni na siku kumi. Sita, Saba, Nane, Tisa, na kumi ya Rajabu. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na ukutani mbele yake ametundika kalenda yetu. Si kalenda ya mtu mwingine. Kila asubuhi alitia alama ya mkaa. Alitaka kukumalizia eda kwa hesabu yako mwenyewe, ndivyo alivyowaambia wanawake. Hesabu yenyewe haikuwa yako. Ilikuwa yangu.

Mfunguo Nane niliipa ishirini na tisa. Mbingu iliipa thelathini. Nani aliyetazama? Hakuna. Mwezi huo haukuwa na mwenyewe ila wewe.

Ukafika mwezi wa Rajabu, na huo watu huutazama. Wakauona siku moja baada ya karatasi yangu. Wakaja kiwandani kuniambia. Ningesema, "Kumbe nimekosa." Maneno mawili. Nikasema, "Nyinyi mmechelewa kuuona. Risasi haidanganyi." Wakaniacha, maana wananijua, nikishika neno hata punda huninyooshea mikono kwa ukaidi.

Na hapo ndipo moyo wangu unapokatika, Maalim. Siku tisa nzima nilikuwa nayo nafasi. Nyumba yako iko mitaa miwili kutoka hapa. Ningepanda ngazi, nikasimama nje ya pazia, nikasema, "Bi Mwanaisha, ongeza siku moja, nimekosa." Nilijua. Nikilala najua, nikila najua. Sikupanda.

Akatoka siku ya tisa akidhani ni ya kumi. Wanawake walikuja, akaoga, akavua zile nguo, wakamfukiza udi, nikausikia moshi wake hadi njiani. Asubuhi yake nimekaa barazani, Bwana Athmani mshona kofia akauliza, hana habari, "Leo ndiyo kumi Rajabu. Mke wa Maalim atoka leo?"

"Alitoka jana," nikasema kwa kifua.

Akaacha kushona. Sindano ikabaki kwenye kitambaa. "Jana ilikuwa tisa," akasema. Kisha akaongeza, taratibu, hata si kwa dhihaka, "Shee, mwezi wako waendeshwa kwa mguu, kama ile mashine yako."

Hapo ndipo nikapanda ngazi. Siku iliyopita wakati wake! Nikasema nje ya pazia. Nikasema yote, ila la macho. Nilisikia anavua bangili, moja, mbili, akiziweka juu ya sinia. Kisha akasema, "Shemeji, alinibakishia siku moja, nawe umeila."

Akarudi katika nguo za eda, akakaa siku ile yote peke yake, mlango umefungwa. Sheikh wa msikiti akatuma mtu kumwambia asiwe na wasiwasi, asiyejua hana dhambi. Sawa. Yeye hakujua. Mimi nilikuwa najua.

Baada ya siku mbili akanirudishia kalenda, imekunjwa vizuri, alama zake za mkaa zote ziko, na ndani yake ameweka daftari lako la mwezi. Sikujua kama ulikuwa na daftari. Nimelisogeza puani nikalisoma, ukurasa kwa ukurasa. Kila mwezi umeandika, "Umeandama," au "Haukuonekana," na chini yake mashahidi. "Mashahidi: mimi na Shee." Mimi na Shee, mimi na Shee, kurasa na kurasa, nikawa nalia kwa fahari. Kisha nikafika ukurasa mmoja. "Shahidi: mimi." Na unaofuata, "Mimi, na muuza maji aliyekuwa akipita." Na unaofuata, "Mimi." Jina langu halikurudi tena mpaka mwisho wa daftari.

Ulijua. Tangu zile pembe nilizozielekeza kusini, ulijua. Na bado kila ishirini na tisa ulikuja kunigongea, "Shee, twende," ukanishika bega kwenye mawe ya Kilindini kana kwamba wewe ndiye unayechoka, ukanisikiliza nikisema nimeuona kabla yako. Hukuniaibisha. Laiti ungeniaibisha! Laiti ungesema mara moja, "Shee, wewe kipofu," ningekutukana, tungenuniana wiki, na Bi Mwanaisha angekaa siku yake. Naona hata kulaumu nakulaumu wewe. Ndivyo nilivyo.

Mji umebadilika, utasikia kwa wengine wanaokuja huko. Mwaka huu wa kwanza wa uhuru kila ofisi ya Kilindini yatoa kalenda, karatasi nzito yenye kung'aa, yenye picha ya meli nyeupe au ya ndege. Athmani ametundika moja dukani mwake. Siku za serikali ni nyekundu. Mwezi haumo kabisa, hata wa uongo. Nimepita milango mingi, yetu imeondoka, msumari umebaki na meli. Hakuna aliyenisema. Wangenitukana ningewatukana, na mimi kwa matusi hakuna anishindaye. Wanasema tu, "Shikamoo, mzee," wanapita. Mlango wa kiwanda hakuna autazamaye.

Sina la kukufurahisha, nduu yangu. Ulichokijenga kwa miaka thelathini nimekivunja kwa miezi minne, tena kwa mistari iliyonyooka.

Lakini nimeuvunja ule ukurasa wa kalenda. Kwanza, kabla ya kupanga barua hii, risasi zote za safu yangu ya mwezi nimezirudisha mahali pake. Nairuzi ijayo, pumzi ikiwapo, safu ya mwezi itasimama ubavuni peke yake na vijumba vyako vitakuwa vyeupe kumi na viwili. Wasipoitaka nitapiga mbili tu, moja ya mlangoni na moja ya Bi Mwanaisha. Akiirudisha, airudishe.

Lala salama, Maalim. Wewe uliyenificha, Mungu akufiche na kila baya.

Na ishirini na tisa ya Rajabu, alasiri, nitafunga kiwanda niende Kilindini peke yangu, nipapase yale mawe kwa fimbo, nisimame pale pale. Watakuwapo watu, maana Shaabani huitazama. Mtu akiniuliza, "Mzee Shee, umeuona?" nitamjibu mbele ya wote: "Sioni. Nitazamie wewe, uniambie, nikaandike mlangoni."

Shee