Naomba Sabuni

Mpiganaji mwenzangu, mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Kimandolu tu wazima. Babu yako amepona goti, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza: uendelee kuishi Nairobi au urudi Arusha, maisha bora yako wapi? Swali hilo nililitolea hotuba kabla sijalielewa. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, miaka ile soko huria linaingia, nilipokwenda Nairobi likizo. Duka nililoingia lilijaa sabuni za kila rangi! Nikasema kwa adabu ya kwetu, "Naomba sabuni." Muuzaji akacheka: "Dada, hapa hatuombi, tunanunua!"

Nilirejea nikiwaka moto. Nikawatangazia wenzangu kwamba taifa linaloomba haliwezi kuendelea. Kisha nikaingia duka moja la Themi, hapa Arusha, ambalo nalo lilikuwa limeanza kujaa, nikaamuru: "Nipe sabuni!"

Mama muuzaji akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, umegombana na nani?"

Duka zima likacheka, nami pia. Sabuni ilikuwa ileile ya Nairobi. Kilichopungua ni neno langu.

Kwa hiyo sikupigii kura ya wapi uishi, Neema. Kama kazi ya huko inakujenga, baki kwa moyo mweupe. Lakini siku utakapoona aibu kusema "naomba", panda basi uje upumzike.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya Pasaka, saa saba mchana, hapahapa nyumbani, na loshoro, ile kande ya mahindi na maziwa ya mgando, itakuwa tayari. Ukija, naomba sabuni.

Bibi yako