Mguu Wako wa Kushoto, Shangazi

Shangazi yangu mpenzi,

Leo nimemtoa nje mtoto wangu wa pili, aonwe na watu kwa mara ya kwanza, kwa ngoma. Nimechoka, huyu hajui usiku wala mchana, lakini nimekukumbuka mpaka nikacheka peke yangu.

Unakumbuka ule uvimbe kwenye mguu wako wa kushoto? Uliufunga kitambaa na majani, ukasema ni jembe lilikukata. Mimi na mimba yangu ya kwanza nikakusimamia: "Kidonda cha jembe hakiendelei kukua, shangazi. Vaa kanga, twende hospitali." Wakasema ni saratani, huenda mguu ukakatwa. Ulililia jambo moja tu: "Sasa mtoto wako nani atamtoa nje mgongoni, akicheza ngoma?" Kwetu Ruponda hiyo ni kazi ya shangazi, na mimi ulinitoa wewe.

Bintiyo aliyeolewa Ulaya akakuchukua ukatibiwe huko. Ulirudi ukashuka kwenye basi Nachingwea kwa miguu miwili! Ila kijijini habari ilishatangulia kwamba umetiwa umeme. Mama akakupa mkono ameuviringisha kanga: "Wifi, usije ukanirusha." Vijana wakaleta simu: "Bibi, ishike kidogo ijae chaji." Ukawajibu, "Leteni na redio. Lakini chaji yangu mnalipia kuku."

Ulinielewesha tukibangua korosho. Kumbe dawa ilikuwa inashindwa kuingia ndani ya seli za saratani, ikabaki nje. Wakakulaza kwa dawa ya usingizi, wakachoma sindano za umeme palepale kwenye uvimbe, umeme wa kufumba na kufumbua, seli zikafunguka, dawa ikapenya. "Kama korosho hii," ukasema. "Bila moto ganda halikupi kiini. Ukizidisha moto, umeunguza vyote. Wale wenzetu wanajua kupima moto."

Ule uvimbe ukanyauka, ukadondoka kama gamba. Na mwanangu wa kwanza ukamtoa wewe, vumbi mpaka magotini.

Uzee ndio uliokuchukua, si saratani, na ulizikwa na miguu yako yote. Hapa Ruangwa ninakoishi sasa nimeshawaambia wanawake wenzangu: nikimkuta mtu kafunga uvimbe kwa kitambaa, nitamvuta mwenyewe hadi hospitali, anitukane akipenda.

Leo wameniuliza, nani atacheza? Nikamfunga mtoto mgongoni, nikacheza mwenyewe. Hatua zako sizijui zote. Ilipofika zamu ya mguu wa kushoto, nikakanyaga kwa nguvu, kwa ajili yako.

Mtoto akalala, shangazi. Pumzika na wewe.

Mimi,
binti wa kaka yako