Antena ya Athuman Mdoe

Kwamndolwa, Korogwe
12 Julai 2010

Kwako Dada Hamisa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba mguu wake umeacha kumsumbua. Mimi sijambo, nimenenepa, na hapa Korogwe hakuna paa refu ambalo sijalipanda. Ningepiga kwa simu ya jirani, lakini simu unaweza kunikatia katikati. Barua hata ukiichana, utaokota vipande usome mwisho wake.

Kazi yangu unaijua, nafunga antena za intaneti. Shule niliiacha darasa la saba mwezi wa tano, lakini leo wenye digrii wananishikia ngazi na kuniuliza kama nimeshiba. Nairobi nimefika. Wachina wa barabara nimewafungia, wakanipigia makofi.

Mwezi uliopita bosi alinituma kwa mteja mpya anayefungua duka la intaneti karibu na stendi. Kusoma jina kwenye karatasi, mikono ikaanza kuniwasha. Athuman Mdoe. Yuleyule aliyekuahidi kwamba Ijumaa mshenga wake ataleta barua ya posa, tukachinja mbuzi, shangazi zetu wakaja na khanga mpya, tukakaa mpaka wali ukaganda kwenye sinia. Miaka tisa, dada, umewakataa wawili, na huko nyumbani Kwaluguru bado wanakuita bibi harusi wa Ijumaa. Niliapa siku ile kwamba atalipa.

Mwenyewe alikuwa Tanga kununua kompyuta, nikafunguliwa na mpangaji wake. Nikasimamisha mlingoti, nikaielekeza antena kwenye mnara ulioko Bungu juu milimani, mawasiliano yakajaa pomoni. Nikachomeka laptopu, nikaingiza namba zote sawasawa isipokuwa moja. Iko namba inayoiambia antena ipite mlango gani kutoka nje, na ile ilitakiwa iishie na moja. Mimi nikaweka tisa, kwa hesabu ya miaka yako. Kisha nikaifunga mipangilio kwa neno la siri ninalolijua mimi peke yangu. Taa zote kijani, na hakuna kinachopita. Nilitaka na yeye akae asubiri kama tulivyosubiri sisi.

Siku ya ufunguzi alialika watu, sheikh akasoma dua, pilau likapikwa. Mimi nilisimama ng'ambo kwa muuza mahindi, nikamtazama akitoka nje, akiangalia juu, akiingia, akitoka tena. Wageni wakala, wakaaga. Nilicheka mpaka muuza mahindi akaniuliza kama nimeokota kitu. Alileta mafundi wengine, wakaona taa za kijani, wakasema tatizo ni la mnara. Bosi aliponiuliza, nikamwambia ni ukungu wa Bungu. Siku nne nilikula nikashiba, nikalala usingizi wa mtoto.

Siku ya tano nikaenda kumwambia usoni mimi ni nani. Sikuwahi. Alinitambua mlangoni, akanikumbatia, akauliza Hamisa hajambo, na yule mumewe injinia wa Dar mwenye magari mawili, na wamejaliwa watoto wangapi. Nikamuuliza injinia yupi. Akasema mshenga wake, Mzee Sadala, alikuja kweli Ijumaa ile na barua mfukoni. Alipofika stendi ya Handeni akaambiwa kwamba umekwisha kuposwa na injinia huyo, na posa imepokelewa. Mzee akageuza palepale, maana kupeleka posa juu ya posa ya Mwislamu mwenzako ni haramu, na kwenda kuulizia ni aibu juu ya haramu. Nikauliza, aliambiwa na nani. Athuman akainamisha macho, akasema aliambiwa na ndugu wa binti mwenyewe.

Dada, nikakumbuka. Nilikuwa nimetumwa soda za wageni pale stendi ya Handeni. Mzee wa kanzu iliyochakaa, ametoka kushuka basi la Korogwe, akaniuliza kama nawajua watu wa nyumba yetu. Mimi mshenga nilimtegemea aje na gari, wala sikumdhania kuwa ndiye. Sikutaka huyu mzee wa watu atuone ni watu wa jembe tu, nikamtungia injinia, nikampa magari mawili, nikamwambia posa ilishaletwa. Neno hilo nilishalisahau kabla sijalipia soda.

Nikafuta tisa, nikaweka moja. Mtandao ukaingia, duka zima likashangilia, naye akaniita fundi hodari. Mkewe, Munira, akaniletea chai na chapati. Wana watoto watatu. Nilimtafutia ubaya yule mwanamke, nikakosa. Ile tisa sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Basi yule tuliyemlaani jikoni miaka yote hii, mtoe. Pale pake niweke mimi, na usinipunguzie. Ukisema Idi nisikanyage huko, sitakanyaga. Ila Mama asiyasikie kwa watu. Mwambie wewe, au niite nije nimwambie mwenyewe.

Mpe Mama salamu zangu na umkande mguu kwa niaba yangu. Za kwako sijui kama utazipokea, lakini nimezituma.

Ni mdogo wako, aliyekuoza kwa mtu asiyekuwepo,

Mbaruku