Meza Isiyotikisika

Mujukuu wangu Rashidi,

Huku Alunguli tuko wazima, mvua inanyesha polepole, na bibi yako anauliza kama unakula. Umeniandikia toka Lubumbashi kwamba unataka meza ya kazi ya useremala: miguu iwe minene namna gani, na utajuaje kama juu iko sawa?

Yangu niliitengeneza nikiwa kijana, wakati wa vita ile ya zamani. Mbao za libuyu, muti ule mugumu wa pori yetu, miguu minene kama paja langu, bila musumari hata mumoja. Nilipomaliza kupiga randa, nilimwaga kikombe cha maji katikati. Yakakimbilia upande mumoja. Nikapiga randa tena, nikamwaga tena, siku tatu, mpaka maji yakatulia na mawingu yakalala ndani yake. Niliyaangalia kama muntu anayeota.

Hapo bibi yako akashikwa na uchungu. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na mitumbwi haikuvuka sababu ya masasi ya bunduki. Mama Zaina, mukunga jirani yetu, alikataa kitanda chetu cha kamba.

"Kinabonyea. Toa randa yako hapo mezani, upanguse maji."

Nilipangusa kwa shati langu. Bibi yako alishika ukingo wa meza kwa nguvu zake zote, nayo haikutikisika.

Basi miguu, Rashidi, usiipime kwa nguvu ya randa peke yake. Nilidhani meza ile naitengenezea mbao, kumbe wa kwanza kupokelewa pale alikuwa mama yako.

Babu yako