Kanda ya Butoyi

Kabanga, Kasulu
Januari 2014

Mjukuu wangu Neema,

Huku tu wazima, ila mguu wa babu yako bado unamsumbua. Maharage tumeshavuna.

Umeuliza kama huo muziki wa roki ulioniwekea kwenye simu nimeupenda. Pacha wangu Butoyi naye aliwahi kuniletea kanda ya roki, alipotoka kukata mkonge Tanga. Akaniomba niisikilize mara tatu. Mara ya kwanza tu nikamwambia huyo mwimbaji analia kama mbuzi aliyekabwa na kamba, nikazima redio. Akacheka, akarudi nayo Tanga.

Mwaka uliofuata likaja sanduku lake la nguo, na habari kwamba wamemzika hukohuko. Kanda ilikuwemo. Kwetu msibani muziki haupigwi, lakini baba aliniacha niipige. Nikaanika betri juani, nikasikiliza kutwa. Sauti sikuipenda. Ila jioni nikalisikia gitaa ambalo Butoyi alikuwa akiliiga kwa mluzi tukipalilia. Sikuwa na wa kumwambia.

Roki yako nimeisikiliza mara nne. Mwimbaji bado ananikera, lakini ngoma za wimbo wa tatu nimezipenda. Nakwambia leo, mama, maana bado unanisikia.

Bibi yako,
Bukuru